Barua ya wazi kwa Bwana Swen Vincke: Ombi la pedi na kipanya kwenye skrini moja

Magomeni,
Kilosa, Morogoro,
Tanzania.

Kwa Bwana Swen Vincke,
Mwanzilishi na Mkurugenzi wa Larian Studios,
Ghent, Ubelgiji.

YAH: OMBI LA KURUHUSU PEDI NA KIPANYA KUTUMIKA KWA WAKATI MMOJA KWENYE SKRINI MOJA

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba uniwie radhi kwa kukuchukulia muda wako nikijua una kazi nyingi, na kwa kukuandikia hadharani badala ya kuja mlangoni kwako kama adabu inavyotaka. Mlango wako uko Ghent nami niko Magomeni. Hii ndiyo hodi ninayoweza kupiga.

Magomeni ni kata ndani ya mji wa Kilosa, mkoani Morogoro, njia ya reli ya kati. Huenda jina hili ni geni kwako, lakini nchi yako na reli hii zinafahamiana zamani. Kuanzia 1921 Ubelgiji ilikuwa na eneo lake kwenye bandari ya Dar es Salaam na jingine Kigoma, yakijulikana kama Belbase, na mizigo ya Kongo ilipita hapa hapa Kilosa kwenda na kurudi. Siku hizi treni ya umeme ya kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, iliyoanza safari Julai 2024, nayo inasimama kwetu. Basi naomba uichukue barua hii kuwa imetoka kwa watu wa njiani ambao mizigo ya nchi yako iliwahi kupita mbele ya milango yao.

Mimi nina banda la gemu. Ninalosema sikulisoma mahali. Ninaliona kila jioni kwa watu wanaokaa kwenye benchi langu.

Huku kwetu, Mheshimiwa, gemu iliingia kwa pedi. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, na baada ya miaka kadhaa ilikuwa imeenea mabandani kila mji, hata stesheni na senta ndogo, ikicheza mpira, mieleka na magari. Kijana wa hapa alijua kitufe cha mraba na cha pembetatu kabla hajawahi kugusa kompyuta. Kompyuta nayo iliingia kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa steshenari: kuchapa barua za mtendaji, kujaza fomu za mkopo wa chuo, kuangalia matokeo, kutoa kopi. Kwa hiyo mitaani kwetu kuna mikono ya aina mbili. Kuna mikono iliyokulia kwenye pedi na kuna mikono iliyokulia kwenye kipanya na kibodi, na mara nyingi imo ndani ya nyumba moja, kwa kaka na dada.

Gemu yenu ya Baldur's Gate 3 ilipotoka tarehe 3 Agosti 2023 niliitamani, kwa sababu nazipenda sana gemu za uhusika, zile ambazo mchezaji anavaa nafsi ya mtu mwingine, anazungumza na watu, anapigana kwa zamu, na uamuzi wake wa leo unamrudia mbele ya safari. Inahitaji nafasi ya gigabaiti 150. Nilitafuta kompyuta ya mezani iliyotumika, nikapata kadi ya picha Kariakoo, nikaishusha kwa bando za usiku kidogo kidogo. Sisemi haya kulalamika. Nilijua ninachokifuata, na nilipokipata niliona kina thamani kuliko gharama yake.

Sasa naomba uniruhusu nikuoneshe jambo lenyewe kwa karibu. Wateja wangu wawili ni kaka na dada. Kaka anaendesha bodaboda, dada anafanya kazi steshenari. Kila mmoja akicheza peke yake, kwa chombo anachokijua, ni fundi. Dada akishika kipanya anahamisha dawa na mishale kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kwa kuburuta. Akikuta neno asilolijua anauweka mshale juu yake mpaka maelezo yanafunguka, kisha anatufafanulia kwa Kiswahili sisi wote tuliokaa. Akimwaga ule uchawi wa grisi mlangoni mwa adui, analiweka duara lake kwa uangalifu, ukingo wake unaishia mbele ya vidole vya miguu vya mwenzake. Kaka akishika pedi anatembea. Anapita kando ya kuta, anachungulia nyuma ya magogo, anasimama kusikiliza watu wanaobishana pembeni, anagundua vitu ambavyo dada yake alivipita bila kuviona. Yeye husema kwa kipanya anatoa amri akiwa juu, ila kwa pedi miguu inakuwa yake.

Siku waliyotaka kucheza pamoja kwenye skrini moja, ikabidi wote washike pedi, maana kwenye kompyuta gemu ikigawanya skrini kwa watu wawili hairuhusu mmoja wao kubaki na kipanya na kibodi.

"Dada, mwaga grisi mlangoni, mimi nawasha," kaka akasema.

"Subiri kaka, duara linanikimbia."

Lilimkimbia kweli. Kile kijiti cha pedi alikisukuma kidogo, duara likapitiliza. Akalirudisha, likapitiliza upande wa pili. Benchi zima linamwelekeza, huyu kushoto, yule kulia. Mwisho akabonyeza, kaka akawasha moto, na mwenzao aliyekuwa ndani ya duara akaungua pamoja na maadui. Dada aliweka pedi mezani na kusema yeye atatazama tu. Tangu hapo akija ni kutafsiri, hachezi. Mtu aliyekuwa mchezaji bora kuliko wote tulionao amegeuka mtazamaji, na gemu haijamshinda. Aliombwa tu mikono ambayo si yake.

Hili, Mheshimiwa, ndilo linaloniuma na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nafahamu kwamba watu wengi wakizungumzia pedi na kipanya wanataka mshindi apatikane. Mimi kwa unyenyekevu sioni mshindi hapo. Historia ya gemu za uhusika inaonesha kila chombo kilizaa namna yake ya kuiona dunia. Richard Garriott alipotoa Ultima mwaka 1981, kila herufi ya kibodi ilikuwa amri: moja ya kushambulia, nyingine ya kuingia, nyingine ya kupanda chombo. Yuji Horii wa Japani alizipenda gemu za namna hiyo, akataka kuzileta kwenye mashine ya gemu ya Famicom, ambayo pedi yake ilikuwa na msalaba wa kuelekeza na vitufe vichache tu. Akaziweka amri kwenye kidirisha cha kuchagua, na mwaka 1986 ikatoka Dragon Quest, iliyofungua mlango wa gemu za uhusika kwa watoto wa nchi nzima. Halafu mwaka 1998 watu wa studio ya BioWare wakatoa Baldur's Gate ya kwanza, gemu ya kipanya mwanzo hadi mwisho, kundi zima la mashujaa likiongozwa kutoka juu. Mwaka 2009 BioWare hao hao walipotoa Dragon Age: Origins, mchezaji wa kompyuta aliweza kuinua jicho juu ya uwanja wa vita apange kikosi chake, na mwenye pedi akabaki chini nyuma ya mgongo wa mtu wake. Gemu ilikuwa moja, vita vilikuwa viwili.

Ninyi Larian ndio mlionyesha kwamba mtu wa pedi hastahili makombo. Mwaka 2015, mlipoirudia Divinity: Original Sin, ile ambayo watu waliichangia fedha mwaka 2013, mliunda upya mpangilio mzima wa pedi. Kwenye Baldur's Gate 3 mkaenda mbali zaidi: ukishika kipanya unapata mstari wa amri chini ya skrini, ukishika pedi unapata magurudumu ya kuzungusha, na unaweza kuacha hiki ukachukua kile katikati ya mchezo bila kuzima. Nimeona kazi nyingi ambazo pedi ilibandikwa mwishoni kwa haraka. Yenu ilifikiriwa. Nakushukuru kwa hilo kwa moyo wangu wote.

Nisingethubutu kusema ombi langu ni jepesi. Mshale wa kipanya umezoea kutembea skrini nzima, na hapa itabidi ujue mpaka wake. Mstari wa amri umechorwa kwa upana wa skrini yote, na ukikatwa nusu maandishi yatasongamana. Na skrini yenyewe si lazima ikae palepale. Kwenye Divinity ile ya 2015 iligawanyika wahusika wakiachana na kuungana tena wakikaribiana. Wataalamu wako watakuwa wamelitazama hili na kuona ni kazi kubwa kwa ajili ya watu wachache.

Pamoja na hayo, naomba kwa heshima nikukumbushe mlivyofanya kwa watu wa Xbox Series S. Agosti 2023 ilibidi mkubali gemu iende kwenye Xbox bila kugawanya skrini katika kile kisanduku kidogo, kwa kuwa nguvu yake haikutosha. Gemu ikafika Xbox Desemba mwaka huo, mwezi uleule ulipopanda jukwaani Los Angeles umevaa deraya kupokea tuzo ya gemu bora ya mwaka. Mngeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini Aprili 2025, katika toleo la nane la marekebisho, mkawaletea wenye Series S kugawanya skrini. Watu waliokuwa na kisanduku cha bei nafuu hamkuwasahau. Nilipoisoma habari ile nilijua kwamba barua kama hii inaweza kusomwa.

Kwetu skrini ya pamoja ni jambo la kawaida kabisa. Bao huchezwa na wawili, kete sitini na nne ni za ubao mmoja, na benchi zima linazifuata kwa macho; hakuna anayeulizwa amejifunzia wapi kushika kete. Gemu bandani huchezwa hivyohivyo. Nyumba yenye kompyuta mbili zenye nguvu hiyo sijaiona mtaani kwangu, na pedi ya pili ni fedha ambayo mtu huipangia bajeti. Kompyuta moja yenye kipanya chake na pedi moja iliyotoka kwenye PlayStation ya zamani, hivyo vipo. Wawili wangecheza na vilivyopo.

Desemba 2025 mlitangaza Divinity mpya. Ninaomba, ikiwezekana, jambo hili liwekwe mezani mapema, wakati vidhibiti bado vinachorwa. Mtu mmoja abaki na kipanya na kibodi kwenye nusu yake, mwingine na pedi kwenye yake, kila mmoja na mpangilio wake. Ikishindikana, basi mpaka wa skrini usihame, na mshale ufungiwe upande mmoja. Hilo nalo likishindikana, mwenye kipanya atumie mpangilio wa pedi kwa vitufe vya kibodi, mradi kazi moja tu aachiwe kipanya: kulenga. Duara lile la grisi aliweke kwa mkono anaouamini. Sisi tungeridhika kabisa na hilo la mwisho. Na nikiongeza neno moja, naomba pia mtu wa kibodi aruhusiwe kutembea kwa vitufe bila kutafuta nyongeza za mashabiki. Wachezaji walijitengenezea njia hiyo wenyewe kwenye Baldur's Gate 3, nami nachukulia kuwa hiyo ni dalili ya kiu iliyopo.

Iwapo wataalamu wako watahitaji watu wa kujaribu, banda liko wazi. Kaka wa bodaboda yupo kuanzia saa moja jioni, dada anafunga steshenari saa kumi na mbili, na wote wawili wamekubali kucheza mbele ya mtu yeyote mtakayemtuma, au kuorodhesha kila kinachowakwamisha na kuwaandikia kwa Kiingereza, kazi ambayo dada ameomba aifanye yeye.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwenye banda la gemu,
Magomeni, Kilosa.