Taka Zangu, Wenyewe Wengi

Kiwanja cha Dar es Salaam kinaweza kuwa na hati mbili na wenyewe watatu, na kesi yake ikarithiwa na wajukuu. Lakini ganda la ndizi lililoanguka mbele ya geti lako halina mgogoro. Ni lako, na bwana afya atakuwa shahidi. Leo nalalamikia umiliki huu, maana ndio pekee niliopewa bila kuomba.

Utaratibu kwenye karatasi umenyooka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezibebesha serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Halmashauri hutafuta mkandarasi, mkandarasi hutafuta lori, na mimi hutafuta hela ya ada kila mwezi. Si jambo la jana hili. Jiji lilianza kuwakabidhi watu binafsi uzoaji wa taka mwaka 1994, kwenye kata za katikati ya mji, kwa hiyo tumekuwa na zaidi ya miaka 30 ya kujifunza. Upande wa kulipa, tumefaulu.

Mtaa wetu siutaji, na kampuni inayotuhudumia siitaji pia, maana bado nina salfeti tatu nje zinaisubiri. Niseme tu kwamba kijana wake wa risiti haharibiki. Mvua inyeshe, daladala zigome, mwanzo wa mwezi yupo getini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ile ya taka, mama."

"Gari liko wapi?"

"Gereji, mama."

"Na mwezi uliopita?"

"Mwezi uliopita lilikuwa zima, ila halikuwa na mafuta."

Basi ananikatia risiti kwa mwandiko mzuri kabisa. Kalamu yake haijawahi kuishiwa mafuta.

Lori lenyewe likitoka gereji, linakuja kwa kuvizia. Ukitoa taka Jumanne kwa sababu liliwahi kupita Jumanne, litapita Alhamisi alfajiri, lipige honi moja likiwa limeshafika kona. Hapo mtaa mzima unatoka. Nimeona watu wazima wenye heshima zao, mmoja kafunga kanga, mwingine kajifunga taulo na povu la sabuni bado sikioni, wanakimbiza lori na viroba mabegani huku wakilibembeleza lisimame. Utingo anawaangalia kutoka juu ya rundo kama bwana harusi anayechagua wa kucheza naye.

Lori lisipokuja, zamu inashikwa na kunguru. Hawa kunguru wa Dar wazee wao waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wasaidie kumaliza taka za mji. Baadaye wakavuka wakaenea bara. Ina maana ndio wakandarasi wa mwanzo wa pwani hii, na mpaka leo ndio pekee wasiokosa siku. Kasoro yao ni kwamba wanafungua kiroba, wanachagua utumbo wa samaki, na kilichobaki wanakigawa kwa majirani wote bila upendeleo.

Asubuhi hiyo ndipo bwana afya anapopita. Lori limemshinda kulileta, lakini kitabu cha faini kipo kwapani.

"Mama, hizi taka za nani?"

Hapo ndipo nilipouelewa mfumo mzima. Taka zikiwa za kulipiwa ada, ni zangu. Zikiwa za kuzolewa, zina mkandarasi. Mkandarasi akikosekana, zina halmashauri. Halmashauri ikiulizwa, ina mkataba na mkandarasi. Zikifika kwenye faini, zinarudi kuwa zangu, tena peke yangu.

Wengine wameamua kujitoa kwenye mfumo. Wanamwita kijana wa mkokoteni, wanampa buku, naye anaondoka na mzigo. Anaupeleka wapi, hakuna anayeuliza. Wote tunajua njia ya bondeni. Wengine wanasubiri mawingu. Mvua ikishika kasi, wanafungua kiroba kwenye mtaro na kuyaachia maji kazi. Siku ya pili mtaro umeziba, maji yameingia sebuleni, na mwenye kiroba ndiye wa kwanza kuuliza kwa sauti: hii serikali iko wapi?

Tena hatukosi moyo wa usafi. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za uhuru ziligeuzwa siku ya kufagia nchi nzima, na Jumamosi za mwisho wa mwezi bado tunashika mifagio. Tunafagia vizuri, tunaweka marundo yaliyonyooka kando ya barabara, tunapiga picha. Marundo yanabaki kusubiri lori lile lile la gereji.

Waliotutangulia hawakuishia kunung'unika. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo lililokuwa mtaani kwao, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaomba muda tena, hadi mwaka 1991 Mahakama Kuu ikakataa kuongeza. Dampo likahamia Kunduchi Mtongani; watu wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huo huo, nao wakashinda. Taka zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, zikafika Pugu Kinyamwezi. Taka za mji huu zimehama nyumba kuliko mpangaji asiyelipa kodi.

Wale walikuwa na bahati moja: walijua wa kumshtaki. Sisi wa leo tukilalamika tunapewa namba ya mtu mwingine, na huyo naye ana namba ya mwenzake. Sihitaji kampeni mpya wala kaulimbiu. Nahitaji ratiba ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa: siku fulani, saa fulani, na jina la wa kuulizwa lori lisipotokea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwezi ujao kijana akija, mwitikie salamu yake na umlipe, ada ni halali. Ila kabla hajaondoka, mwambie aandike nyuma ya risiti siku ya gari, kisha atie sahihi. Nyuma ya risiti ile hakuna kitu. Nafasi ipo ya kutosha.