Mashine na Mahitaji Yake

Wanaume wa rika langu hapa Dar es Salaam tunasumbuliwa na magonjwa matatu: sukari, presha na karakana. Mawili ya kwanza yana kliniki. La tatu huanza na nyundo moja ya kugongea msumari wa kalenda, na kabla mtu hajashtuka ana kibanda cha bati nyuma ya nyumba, ana randa, ana patasi za kila upana, na ana maoni kuhusu mninga. Mimi nimeshafika hatua ya maoni. Kazi inayonilisha ni ya ofisini, ya mihuri na majalada, lakini Jumamosi nikivaa ovaroli hunipati kwa habari za majalada. Nitakueleza kwa nini paini mbichi ya Mufindi hujipinda ikikauka, uwe umeuliza au hukuuliza.

Msumeno wangu wa meza wa zamani niliuunda mwenyewe, kwa njia inayojulikana na mafundi wengi wa mitaani. Unachukua msumeno wa duara wa kushika mkononi, unaupindua chini juu, unaufunga kwa boliti chini ya kipande cha plaiwudi, kisha unatoboa mwanya wa kupitishia meno. Swichi yake ni ya kubana kwa kidole, na kidole chenyewe sasa kinatakiwa juu ya meza, kwa hiyo unaikaza kwa waya. Ukitaka uwake, unachomeka plagi. Ukitaka uzime, unachomoa. Ulichana mbao kwa moyo wote, ila ubao ulionyooka haukutoka pale. Stuli zote za nyumba hii zina mguu mmoja uliokalia kipande cha boksi.

Lakini kilichouondoa si upogo. Jumamosi moja alasiri umeme ulikatika nikiwa katikati ya ubao. Nikasubiri, nikachoka, nikaoga, tukala, tukalala. Saa nane usiku umeme ukarudi. Waya ulikuwa bado umebana swichi, plagi ilikuwa bado ukutani, na msumeno ukaendelea na kazi pale ulipoishia. Mbwa wa mtaa mzima wakaitikia. Jirani wa kushoto akapiga yowe la mwizi. Jirani wa kulia, ambaye ni mtu wa maombi, akaanza kukemea. Nilikuwa natoka kibandani na taulo kiunoni nilipokutana na vijana wa ulinzi shirikishi. Mkubwa wao alinimulika, akaona vumbi la mbao kichwani, akashusha tochi kwa heshima.

"Shikamoo mzee. Pole sana. Nani ametutoka?"

Fundi anayechonga usiku wa manane, kwa watu wetu, anachonga jeneza. Ilinichukua muda kuwashawishi kwamba sote tuko hai, na hata hivyo asubuhi mama mmoja alifika na khanga begani na kilo ya sukari.

Mama watoto hakunigombeza. Aliipokea sukari, akaniwekea chai, akasema, "Baba watoto, tafuta mashine ya maana. Halafu unitengenezee kabati langu la vyombo." Ruhusa ya kununua mashine, tena itoke kwa mke bila kuombwa! Chai ile sikuimaliza.

Nilianza juu kabisa, kwa kuota. Kule Marekani kuna mashine iitwayo SawStop, iliyobuniwa mwaka 1999 na Steve Gass, mwanasheria wa hataza aliyesomea fizikia hadi udaktari. Meno yakigusa ngozi ya mtu, mashine inahisi, breki ya alumini inarushwa ndani ya bleidi, na bleidi inasimama kwa muda wa milisekunde 5 hivi. Gass alizoea kuionyesha kwa soseji, na baadaye akaweka kidole chake mwenyewe. Nilimsimulia mama watoto kwa hisia. Akauliza bei. Nikamtajia. Akafikiri kidogo, akasema, "Na wewe huwezi tu kutokiweka kidole?"

Nikashuka Gerezani. Kwa muuzaji mmoja wa vifaa vilivyotoka kwenye kontena nikaiona: meza ya alumini iliyonyooka, bleidi ya inchi 10 inayopanda, kushuka na kulala kwa pembe, reli ya kuongozea mbao inayoteleza bila kelele. Ilikuwa imetumika, lakini kwa adabu. Kijana alinisogelea. "Mzee wangu, hii ni ya Uingereza. Umeme wao na wetu ni mmoja."

Kwa sehemu alisema kweli. Nyumba za Uingereza zina volti 230 kama zetu, na hata plagi ya miguu mitatu ya bapa tuliirithi kwao. Ila mashine hii haikutoka nyumbani kwa mtu. Ilitoka saiti. Na saiti za ujenzi za kule, ili fundi aliyeshika waya uliochunika asirudi nyumbani kwa machela, huendeshwa kwa volti 110, na kila chombo chao kina plagi ya duara ya rangi ya njano. Plagi hiyo niliiona. Nikaisifu rangi.

Guta liliishusha getini jioni. Uchochoro wa kuelekea kibandani ukaikataa. Ilizidi kwa upana wa kiganja. Njia iliyobaki ilikuwa kupita mlango wa mbele, sebuleni, jikoni, hadi uani, na tulipofika sebuleni tukagundua mlango wa jikoni nao una msimamo wake. Kwa hiyo mashine ikalala sebuleni, na ikazoea. Mama watoto akaitandikia kitambaa cha kufuma. Watoto wakaifanyia kazi za shule. Jumuiya ilipokuja kusali nyumbani kwetu, vitabu vya nyimbo vilipangwa juu yake vizuri kabisa, na mwenyekiti akaisifia meza yetu mpya kwa uimara. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu tulishindwa hata kumwonyesha shamba lilipo.

Shemeji yangu, aliyekuja kutusaidia kusukuma, alishauri tukate ile plagi ya njano na kufunga ya kawaida. Shemeji ni mtu wa suluhisho. Bahati nzuri fundi umeme alifika kabla kisu hakijapatikana. Akafungua kifuniko, akasoma kibati cha mota, akavua kofia.

"Mzee, hii ukiichomeka hapo utapata moshi. Mbao hutapata."

Ikahitajika transfoma ya kushusha umeme. Nikarudi Gerezani kwa yule yule kijana. Akanipokea kwa furaha, akainama chini ya meza yake, akavuta sanduku la njano lenye mpini juu na tundu la duara ubavuni. "Nilijua utarudi, mzee wangu." Bei nayo ilijua.

Sasa, transfoma ya aina hiyo ina tabia. Unapoichomeka, kabla hujaipa kazi yoyote, huvuta umeme mwingi kwa kufumba na kufumbua ili chuma chake kipate usumaku. Breka ya kawaida ya nyumbani haina subira ya mambo hayo. Inadhani kuna hitilafu, inakata. Kila nilipochomeka, nyumba nzima ilizimika, na kila mara ilikuwa katikati ya tamthilia, mahali ambapo mama mkwe wa kwenye tamthilia alikuwa karibu kusema siri. Fundi umeme akarudi. Akaleta breka ya aina ya C, inayovumilia kishindo cha mwanzo, akavuta laini ya peke yake kutoka kwenye ubao mkuu hadi kibandani, na kwa kuwa amepanda ngazi tayari, akaniambia ethi yetu nayo haina maisha. Tukachimbia nyingine. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa mpangilio wa madaraka: mashine imekuja na mahitaji yake, na mimi ni mtu wa manunuzi.

Mlango wa jikoni tuliung'oa na fremu yake. Mashine ikapita, ikafika kibandani, ikasimama. Fremu nitairudisha.

Nikabonyeza kitufe cha kijani. Sifa za mashine ile sitazificha: iliimba kwa sauti moja, ikachana ubao wa mkongo ukatoka umenyooka na laini, hadi nikauita ukoo mzima uje kuushika. Umeme ulipokatika swichi ilijiachia yenyewe, na uliporudi ikakaa kimya mpaka nibonyeze tena. Saa nane za usiku sasa tunalala.

Kasi, hata hivyo, inataka heshima. Bleidi ya inchi 10 ina mzingo wa karibu sentimita 80, na ikizunguka mara 4,000 kwa dakika meno yake yanakimbia karibu kilomita 190 kwa saa. Pale Barabara ya Morogoro yangekuwa yameshapigwa tochi. Ubao ukichanwa huweza kujibana nyuma ya bleidi. Meno ya mbele yanashuka, ya nyuma yanapanda, na yanayopanda yakiudaka ubao uliojibana, yanaunyanyua na kumrudishia mwenyewe kwa kasi ile ile. Ndiyo maana mashine hizi huwa na kisu chembamba cha chuma kinachosimama nyuma ya bleidi ili mwanya usijifunge. Cha kwangu hakikupanda kontena.

Siku ubao uliponijibania nilikuwa nimesimama pembeni kidogo kuwapisha kuku, na kuku hao nawashukuru hadi leo. Kipande cha paini kilinipita ubavuni, kikavuka ua, kikagonga koki ya tangi la maji na kuivunja shingoni. Maji yenyewe yalikuwa ya boza, ya asubuhi ile ile. Familia ilitoka na ndoo, masufuria, beseni za kufulia na hotipoti moja ya wageni. Mama watoto, magoti kwenye tope, aliniuliza kwa utulivu kabati limefikia wapi.

Nikaenda kwa mchomeleaji kutengenezewa kisu. Kipimo chake si cha kubahatisha: kiwe kinene kuliko bamba la bleidi, kiwe chembamba kuliko upana wa meno. Mchomeleaji alisikiliza maelezo yote, akasema, "Yaani kipite lakini kisilegee," na akakinoa mpaka kikakaa.

Kabati sasa lingeanza, kama si mashine kuwa na mengine. Ilitaka kijiti cha kusukumia mbao, vidole visisogee. Ilitaka kigari cha kutelezea juu ya meza, cha kukatia mbao kwa pembe mraba. Ilitaka meza ya pili nyuma yake ya kupokelea mbao ndefu, na sanduku la kukusanyia vumbi. Vyote nilivitengeneza kwa mashine yenyewe, na kwa plaiwudi niliyokuwa nimenunulia milango ya kabati. Nilivichonga kwa ustadi ambao sijawahi kuuonyesha kwenye fanicha ya binadamu.

Halafu majirani wakaja. Hodi za mtu mwenye ubao kwapani zinafanana zote: "Jirani, kipande kidogo tu, dakika moja." Mfuga kuku alitaka maranda ya bandani, nikamweleza msumeno hautoi maranda, unatoa unga, akachukua hivyo hivyo, na jioni akarudi kuniarifu kwamba vifaranga wanapiga chafya. Mwingine alileta mlango wa mvule wa nyumba ya baba yake iliyovunjwa. Tuliung'oa misumari yote tukajipongeza. Ila mvule una siri yake: mti ukijeruhiwa ukiwa hai, huweza kuficha ndani ya mbao donge la chokaa lililogeuka jiwe. Bleidi ililipata. Cheche zikaruka kutoka kwenye mti, na meno kadhaa hayakuonekana tena. Mwenye mlango alinipa pole, akauliza kama nina bleidi nyingine.

Mteja wa heshima alikuwa mmoja tu, fundi seremala wa pale kona, ambaye mota yake ilikuwa imeungua. Alikuja na guta la mbao za mninga, nyekundu, kavu, zisizo na fundo. Alitaka zichanwe kwa vipimo alivyoandika kwenye karatasi. Tulifanya kazi mchana kutwa, yeye akisukuma, mimi nikipokea, na alipomaliza akanihesabia elfu kumi na tano mkononi. Ilikuwa pesa ya kwanza kuingia kutokana na mashine hiyo. Nilimwonyesha mama watoto. Alifurahi sana, kuliko nilivyotarajia.

Baada ya muda guta likarudi getini, safari hii na kabati la vyombo: mninga mtupu, milango ya vioo, droo zinazofunga bila kusukumwa. Mbao nilizitambua moja moja. Lilipita jikoni bila shida, kwa sababu mlango haukuwepo.

"Fundi hakunilalia," mama watoto aliniambia akipanga vikombe. "Ila alitaka nimwongezee elfu ishirini ya kuchanisha mbao. Anasema kuna mzee mmoja hapa mtaani ana mashine nzuri, lakini kwenye bei hashuki."