Ukikata Kushoto, Honi Inalia

Mjini Kasongo, Maniema, gari likikataa kuwaka, mshtakiwa wa kwanza ni batri. Muuza mkate atatua beseni lake, mwenye baiskeli ya kubeba abiria ataiegemeza kwenye mwembe, mwalimu atachelewa darasani, na wote watatoa hukumu moja: "Batri imekufa." Kwetu batri hufa kwa wingi, na nyingine huzikwa zingali hai.

Baba mdogo wangu ana Land Rover ya esansi, ya kabla ya 1967, zile ambazo taa kubwa zimebanana katikati, kwenye wavu wa mbele. Ilipofika mikononi mwake ilikuwa na vifaa vichache vya umeme: dinamo, taa, honi, waipa, na fyuzi mbili za kioo. Waya zilikuwa na rangi zake kwa utaratibu wa Waingereza. Kahawia ilitoka moja kwa moja kwenye batri, nyeupe ilipita kwenye ufunguo, kijani ilikuwa imeshapita kwenye fyuzi, bluu ni ya taa kubwa, nyekundu ya taa ndogo, na nyeusi ni ya masi, yaani chuma cha gari. Aliyezijua rangi hizo aliweza kulitengeneza gari hilo usiku, akiwa na tochi mdomoni.

Baba mdogo akaona huo ni umaskini. Akaongeza redio. Redio bila spika nne ni matusi, akaongeza spika. Akaongeza taa za pikipiki juu ya bampa, na feni ndogo ya chofa. Halafu akapata wazo lililomletea sifa barabara nzima ya Kabambare: chombo cha kuchaji simu za abiria na za watu wa vijijini, kwa malipo. Simu zikaning'inia kila upande wa gari, hata mahali pa kuweka mguu hapakuwapo. Waya zote alizoongeza zilikuwa nyekundu na nyeusi, zile nyembamba za spika, kwa kuwa ndizo zilizokuwa sokoni siku hiyo.

Dinamo ikashindwa na biashara. Fundi mmoja wa Kasongo akaletewa alternateri ya Toyota. Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Land Rover za miaka ile zilitoka kiwandani zikiwa na masi chanya, yaani upande wa chanya wa batri ndio uliofungwa kwenye chuma cha gari. Mnamo 1967 kiwanda kikageuza, kikaweka hasi kama magari ya leo. Alternateri ya Toyota inataka masi hasi. Fundi akaifunga vizuri kabisa, kisha akairudisha batri kama alivyoikuta. Diodi zikaungua kabla hajaweka spana chini, na redio ikafuata.

"Mzee, alternateri ilikuja mbovu," fundi akasema, akipunga moshi kwa kofia.

"Batri hiyo," akasema muuza mkate.

Ilipatikana alternateri nyingine, na safari hii batri ikageuzwa. Lakini fyuzi zikawa zinakatika kila siku, maana mzigo wa simu, spika na feni wote ulipitia kwenye fyuzi moja. Dawa ikatoka kwenye pakiti ya sigara. Ile karatasi ya fedha ukiizungusha kwenye fyuzi iliyokatika, umeme unapita na watu wanapongezana. Niliishika fyuzi hiyo mkononi: kioo kimeota masizi, karatasi imekunjwa kwa ustadi hadi pembeni, na herufi za kampuni ya sigara bado zinasomeka. Fyuzi imewekwa ife kwanza. Ukiikataza kufa, itakayokufa ni waya, na waya wa spika haufi kimyakimya. Unayeyuka, unashikana na jirani yake, na kuanzia hapo swichi ya kitu kimoja inaamuru kingine.

Kwa honi, waya hazikuhitaji hata kuyeyuka. Katika magari mengi ya zamani ya Kiingereza honi ina umeme wakati wote, na kitufe kazi yake ni kuipa masi tu. Waya wa redio ulipitishwa kwenye nguzo ya usukani, ukawa unausugua ule wa honi mpaka ukabaki uchi. Basi ukikata kulia, kimya. Ukikata kushoto, honi inalia na haikomi mpaka usukani unyooke. Sasa kutoka nyumbani kwa Baba mdogo kwenda popote ni lazima ukate kushoto mbele ya msikiti. Kasongo ina Waislamu wengi tangu enzi za Tippu Tip, na Ijumaa mchana watu hawataki mchezo. Shehe mmoja alimwita kwa upole akamuuliza kama ana ugomvi na Mungu au na jirani. Kwenye kilio nako ikawa hivyohivyo: msafara unapinda kwenda makaburini, gari linapiga honi kama la arusi. Mama mdogo akateremka, akatembea kwa miguu.

Safari ya Kabambare ndiyo iliyomaliza ubishi wa batri. Tulitoka na magunia ya mpunga na mafuta ya ngazi, mvua ikatukuta njiani, na kabla ya kufika Wamaza gari likazimika gizani. Demarere ilinguruma kwa uvivu. Baba mdogo akashika kishikio cha choki akivute, akapiga kelele akarusha mkono: kilikuwa cha moto kama chuma cha kuchomea mishikaki. Abiria mmoja akasema ni uchawi. Mwingine, bila kufikiri, akasema batri. Tukalala pale, na simu za watu zimejaa chaji zote. Livingstone naye alikwama Kabambare miezi mingi tangu 1870 kwa vidonda vya miguu, lakini yeye walau hakuwa na wateja waliodai simu zao.

Tulipovutwa hadi Kabambare, fundi wa huko, mtu mzima mwenye mita iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, aligusa nguzo ya batri kwanza. Volti 12.6. "Ndugu yangu, batri hii ni nzima kuliko wewe," akamwambia. Halafu akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya batri, nyingine kwenye injini, akaagiza ufunguo uzungushwe. Hapo inatakiwa isifike hata nusu volti. Ilisoma zaidi ya nne.

Injini ya gari imekaa juu ya mipira, kwa hiyo inahitaji waya mnene wa kuifunga kwenye chesisi. Fundi wa Kasongo aliuondoa alipofunga alternateri, hakuurudisha. Demarere inakula ampea zaidi ya mia moja, na umeme huo lazima urudi kwenye batri. Ulikosa njia, ukarudi kupitia waya wa choki. Uchawi wote ni huo.

Mzee huyo akaendelea. Bodi ya Land Rover ni alumini, kwa kuwa ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 chuma kilikuwa haba Uingereza. Chesisi ni chuma. Alumini na chuma vikikutana kwenye bolti moja, vikapata mvua na tope la Maniema, alumini hutoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Akafungua kila bolti ya masi, akasugua kwa msasa mpaka pang'ae, akapaka grisi. Taa za nyuma, ambazo zilikuwa zikizimika ukikanyaga breki, zikawaka zote kwa adabu.

Waingereza wenyewe wana utani wa kumwita Joseph Lucas, ambaye kampuni yake ilitengeneza umeme wa magari haya, Mkuu wa Giza. Kwa gari hili nasimama upande wake. Waya zake za rangi zilikuwa bado nzima chini ya zile za spika, tena zinafanya kazi.

Msomaji mwenye gari la zamani, kabla hujatoa hela ya batri nyingine, nunua msasa. Unauzwa sokoni Kasongo na Kabambare, na karatasi moja inatosha gari zima.