Wapangaji wa Mparachichi

Mgomba wangu wa nyuma ya nyumba umebaki kama chanuo bovu. Jani zima la kufunikia chungu hulipati, yote yamechanwa mpaka kwenye uti. Wezi nawajua, tena wanaiba mchana kweupe: minana, ndege wa manjano wenye vichwa vyeusi, waliohamia kwenye mparachichi wangu mvua za Oktoba zilipoanza. Dume hutua ukingoni mwa jani, huling'ata kidogo, kisha huruka bila kuachia, na utepe mrefu humfuata. Samadi ya mgomba ule nilibeba mimi, kwa kichwa changu.

Watu hutoka mbali na kulipa ili waone nyati na viboko wa Hifadhi ya Ruvubu. Mimi hapa Mwakiro viumbe wa porini wamenifuata hadi dirishani, na hakuna anayenipa hata sabuni. Maana nguo zikianikwa chini ya mti ule... basi, tuyaache.

Mwaka 2025 serikali ya Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na Muyinga yetu ikamezwa na Buhumuza. Kwenye mparachichi mambo yamekwenda kinyume. Binti yangu Hawa alihesabu viota 14 Jumatatu. Ijumaa vilikuwa 31, kila kimoja na mkubwa wake anayebwata tangu alfajiri. Mzee jirani akaniambia nifurahi, ndege hao wamenipenda. Wapi! Minana hupenda kujenga karibu na watu kwa sababu nyoka na mwewe huogopa watu. Mimi ni mlinzi wao, sina mshahara wala koti la mvua.

Lakini mgomba ni hasara ndogo. Kubwa ni kwamba mke wangu amepata mfano wa kunionyesha. Jioni huweka ungo wa maharage mapajani, akachambua huku macho yako juu. Dume akimaliza kusuka, hujining'iniza chini ya kiota kichwa chini miguu juu, akapiga mabawa kuita majike. Jike huja, huingia, akavuta nyuzi kwa mdomo, huku na huku, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Asiporidhika huondoka bila kuaga. Kiota kikikauka bila kupata mpangaji, dume hukibomoa mwenyewe na kusuka kingine.

"Umeona, Baba Hawa?"

"Nimeona."

"Kakibomoa, kaanza upya. Hakusema atamalizia wiki ijayo."

Hapo inabidi nieleze kwamba jiko letu la nje nililianza kabla ya Ramadhani iliyopita. Kuta zipo, bati lipo. Mlango una mambo yake.

Nikajitetea: "Huyo unayemsifu ana wake watatu, wanne!"

"Na kila mmoja kajengewa," akajibu, wala hakuinua uso kwenye maharage.

Nikangoja vifaranga, nikijua hapo dume ataumbuka. Kweli, jike aliyalalia mayai siku kama 12, na makinda yalipotoka ni yeye aliyehangaika na panzi na viwavi kutwa nzima, huku bwana akihangaikia nyumba ya mwingine. Nilimwonyesha mke wangu. Akatazama pengo la mlango wa jiko, akanyamaza. Afadhali angesema.

Jambo moja tu linanifanya niwaheshimu. Kekeo huvizia mti huu, akitaka kutaga yai lake kwenye kiota cha mwenzake ili alelewe mtoto bure. Mnana jike ana dawa yake: mayai yake ni ya rangi moja maisha yote, huyu ya buluu matupu, jirani yake meupe yenye madoa, na yai lisilofanana hulitupa nje. Mtu unaweza kuishi na majirani wa namna hiyo.

Juzi kinda moja lilianguka juu ya bati, uchi, mdomo wazi. Mimi huyu huyu ninayedai wahame nikapanda ngazi na kandambili, Hawa ameishikilia chini. Viota vyote vinafanana, milango yote inatazama chini. Nikalisukumia kwenye kilicho karibu, nikashuka mbio. Kama nimekosea nyumba, mama mtu atajijua. Rangi ya yai hainisaidii tena.

Jumamosi nilinunua bawaba, nikapachika mlango wa jiko. Mke wangu akaja na unga mikononi. Akauvuta mlango mara moja. Akauvuta tena. Akaingia, nikamsikia akitikisa kitu ndani, huku na huku. Kisha akatoka, akapita mbele yangu bila kusema neno.

Nikamwambia Hawa aniletee nyundo.