Skrubu Zitangoja: Namna ya Kuhesabu Stoo Kidugala

Ukiingia stoo ya duka la pembejeo na vifaa vya ujenzi siku ya kuhesabu mali, angalia kwanza watu wameinamia nini. Mara nyingi utawakuta watatu juu ya boksi la skrubu, wanazipanga kumi kumi, mmoja anaandika, mwingine anabisha kwamba ile iliyopinda isihesabiwe. Nyuma yao kuna rundo la urea linalokaribia kenchi. Uliza mifuko mingapi. "Ipo, bosi." Mingapi? "Ipo tu, ya kutosha." Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya rundo lile.

Anza na leja ya mwaka uliopita. Kwa kila bidhaa, zidisha idadi iliyotoka kwa bei uliyonunulia. Bei ya kuuzia iache, kwa sababu unachotaka kujua ni fedha yako kiasi gani inapita ndani ya stoo, faida ina daftari lake. Tuseme zimetoka mifuko 300 ya urea kwa shilingi 70,000: milioni 21 hizo. Bati 400 kwa 30,000 ni milioni 12. Saruji mifuko 500 kwa 18,000, milioni 9. Pakiti 500 za mbegu ya mahindi kwa 14,000, milioni 7. Kisha misumari kilo 400 kwa 4,000, milioni moja na laki sita. Msasa vipande 600 kwa 500, laki tatu. Ikiwa stoo ina bidhaa 200 na mzigo wote uliotoka mwaka huo ni wa milioni 60, bidhaa nne peke yake zimebeba milioni 49. Zile nyingine 196, skrubu zikiwemo, zinagawana milioni 11.

Hili si jambo la Kidugala na mkoa wetu wa Njombe tu. Mwishoni mwa karne ya 19 Vilfredo Pareto, mchumi wa Italia, alionyesha jinsi mali ya nchi inavyorundikana mikononi mwa wachache, na mwaka 1951 H. Ford Dickie wa kampuni ya General Electric ya Marekani akaandika namna ya kuutumia mtazamo wa aina hiyo stoo: kundi A kwa bidhaa chache zenye fedha nyingi, B kwa za katikati, C kwa utitiri uliobaki. A huhesabiwa kila mwezi, B kila baada ya miezi mitatu, C mara moja au mbili kwa mwaka. Hesabu ya namna hii haihitaji kufunga duka. Asubuhi moja unahesabu bidhaa tatu, kesho yake nyingine tatu, na wateja wanaendelea kuhudumiwa.

Lakini ukiichukua orodha hiyo ilivyo na kuibandika ukutani Kidugala, itakudanganya ndani ya miezi mitatu. Zile milioni 21 za urea hazikutoka kwa kugawanywa sawasawa, milioni moja na robo tatu kila mwezi. Karibu zote zilitoka wakati wa kukuzia. Huku kuna msimu mmoja wa mvua, na duka linafuata mvua. Novemba mvua zikianza, mbolea ya kupandia na mbegu zinaondoka kwa fujo. Januari shule zinafunguliwa, na Kidugala yenye seminari yake ya Kilutheri inajua maana yake: tranka, magodoro, ndoo, madaftari. Kati ya Desemba na Februari ni urea, na viazi navyo vinadai dawa ya ukungu. Juni na Julai mahindi yanavunwa, fedha inaingia mifukoni, ardhi imekauka, na hapo bati na saruji zinaanza kutoka mpaka mvua zirudi.

Kwa hiyo herufi peke yake haitoshi. Mbele ya kila A andika miezi yake. Urea ni A kuanzia Desemba hadi Februari, na miezi hiyo uihesabu kila wiki. Ikifika Juni imebaki mifuko michache, mara moja kwa robo mwaka inatosha. Bati ni A kuanzia Julai hadi Oktoba. Godoro ni C miezi kumi na moja, halafu kwa wiki tatu za Januari linahesabiwa kila jioni. Kazi hii ya kupanga upya ifanywe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa kumi kabla ya mvua na mwezi wa sita kabla ya ujenzi.

Sasa tuizungumzie tarehe 31 Desemba, ambayo maduka mengi hufungia hesabu za mwaka. Ihesabu, hesabu za kodi zinaitaka. Ila usiitegemee ikufundishe chochote, kwa sababu huku imeangukia katikati ya pilikapilika. Lori linashusha, wakulima wamejaa mlangoni, mfuko umeshafungwa kwenye bodaboda na risiti bado haijakatwa. Ukikuta mifuko 12 imepungua siku hiyo, huwezi kujua ilipotea Machi au jana, na lawama zote zitamwangukia kijana aliyeshika funguo. Hili linaniuma kuliko hasara yenyewe. Nimeona watunza stoo wakikatwa mishahara kwa upungufu ambao hakuna aliyejua ulitokea lini. Ukihesabu kila wiki, upungufu una wiki yake, wiki ina risiti zake, na mara nyingi utakuta mzigo ulipokelewa pungufu kutoka kwenye lori lenyewe.

Wakati mzuri wa kuhesabu ni rundo likiwa dogo, kabla lori halijafika. Mifuko 15 inahesabiwa kwa dakika tano na kosa linajitokeza lenyewe. Mifuko 300 itakupotezea asubuhi nzima. Rundo likiwa kubwa, usilihesabu kwa kusimama mbele yake. Watu huhesabu mifuko mitano kwa tabaka, matabaka kumi na mawili kwenda juu, wanazidisha, wanaandika 60 na kuondoka. Panda juu. Katikati unaweza kukuta shimo la mifuko mitatu, kwa sababu wapakuzi waliupanga mzigo kama kuta za kisima, au kwa sababu mtu alichota kwa nyuma. Chini, mifuko iliyogusa sakafu imevuta unyevunyevu, urea imeganda, na hiyo ihesabiwe kando maana mkulima ataikataa. Weka chaga za mbao chini ya mzigo wote na uache njia ya kupita ukutani.

Anayehesabu asipewe leja. Akijua kwamba vitabu vinasema 147, macho yake yatafika 147 hata kama ipo 144. Apewe karatasi tupu yenye majina ya bidhaa, aandike alichokiona, kisha mwingine alinganishe. Mbolea ya ruzuku, ambayo tangu msimu wa 2022/2023 inauzwa kwa namba ya mkulima aliyesajiliwa, ipangwe peke yake na ilinganishwe na salio la kwenye mfumo wa ruzuku siku ileile.

Umbali nao una uzito. Bidhaa inayofuatwa Makambako asubuhi na kuwa dukani jioni inaweza kuvumilia hesabu yenye kosa dogo. Mji ule uko njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, na una stesheni ya TAZARA. Vitu vingi vinapatikana. Lakini bidhaa unayoiagiza Dar es Salaam ipandishe daraja hata kama thamani yake ni ndogo. Ikikosekana katikati ya msimu, mteja hatakungoja.

Misumari ipimwe, isihesabiwe. Kila kilo inayopimwa dukani hubeba gramu kadhaa za ziada, kwa hiyo upungufu wa asilimia moja au mbili uukubali na uandike. Kwa urea, mfuko mmoja ukikosekana, simama uutafute.

Limebaki kundi linalosahaulika, mzigo uliododa. Pitia leja, chochote ambacho hakijatoka kwa miezi kumi na mbili kiwekee alama nyekundu, kiuze kwa bei ya kununulia na urudishe fedha yako kwenye mzunguko. Mbegu ina sharti lake. Septemba, kabla ya mzigo mpya, kila pakiti ya msimu uliopita itolewe rafuni na tarehe yake isomwe moja moja, hata kama zipo pakiti tisa tu na thamani yake haifiki bati tano. Pakiti iliyopitwa na tarehe, mkulima akaipanda isiote, imemchukulia mwaka mzima wa chakula. Iondoe kwenye hesabu, isirudi rafuni kwa bei ya kutupa, na kwa kuwa imepakwa dawa isipelekwe mashineni wala kupewa kuku. Iweke kwenye kasha lililofungwa, andika idadi, mrudishie msambazaji lori lake linapokuja.