Sifa za Nondo wa Mpunga

Hapa Kindu, mkoani Maniema, Kongo, hatuna uhaba wa sifa, ila zote huwaendea wakubwa. Leo naomba nafasi nimsifu mdogo: nondo wa mpunga, yule wa rangi ya makapi, ambaye hata akitandaza mabawa hafikii sentimita 2.

Kwanza ni mtoza ushuru mwadilifu. Mpunga wako umepita barieri ngapi hadi kufika komuni ya Kasuku hapa mjini, na kila barieri ina bei yake ya siku hiyo. Bei ya nondo haipandi: funza mmoja, punje moja. Hupenya kwenye ufa wa ganda akala kiini humo ndani, na kabla hajageuka nondo hukata tundu la mviringo la kutokea. Hiyo ndiyo risiti. Nani mwingine njiani alikupa risiti?

Tena akishakua, punje haigusi. Hupandana, hutaga, hufa, yote katika siku chache. Wapo waliopata vyeo ndipo wakaanza kula.

Nasaba yake nayo si ya kubezwa. Huko Angoumois, Ufaransa, aliteketeza nafaka hata mwaka 1760 Chuo cha Sayansi cha Paris kikawatuma Duhamel du Monceau na Tillet kumchunguza, na mwaka 1762 wakamtolea kitabu kizima. Wakulima wa Maniema, waliorithi mpunga tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip na Waswahili walioitwa Waungwana wa Nyangwe na Kasongo, bado wanangoja wajumbe wao.

Na usifikiri hana faida. Kuna maabara zinazomfuga makusudi: mayai yake hukuziwa vinyigu viitwavyo trikograma, ambavyo huachiwa mashambani viangamize mayai ya nondo wengine. Kuwauza ndugu kwa manufaa ya umma! Angegombea ubunge angepita.

Wenye depo wanamlaumu kwamba amewalia mtaji. Lakini mpunga ulikuwa umelala pale miezi ukingoja treni ya kusini, na katika joto letu kizazi kipya huweza kutoka kwa wiki 5 hivi. Kosa lake ni kufuata ratiba.

Basi ukimkuta anazunguka taa ya depo, mwite mheshimiwa. Asubuhi toa magunia, anika mpunga mpaka ukauke kabisa, fagia punje za msimu uliopita zilizobaki pembeni, na uza mapema.