Sifa za Mkopo wa Mwisho wa Mwezi

Mvua imesifiwa, ng'ombe amesifiwa, hata wanasiasa husifiwa kila Jumapili. Mkopo wa mshahara peke yake ndio haujapata malenga wake. Naanza basi, kutoka Kiganjo; Kiganjo yetu ya Thika, jirani na Makongeni, si ile ya Nyeri wanakofunzwa polisi.

Huku mwezi hufika kona mapema. Kufikia tarehe 15, kibarua wa kiwandani amekwisha kulipa kodi ya nyumba ya mabati, tokeni za stima na deni la mama mboga. Mtoto akifukuzwa shule kwa ajili ya karo, nani wa kumwendea? Sacco itataka wadhamini. Benki itataka hati za malipo. Shemeji atasema mtandao unasumbua. Ni mkopo tu usioitisha kikao. Unafika kabla chai haijapoa, na hauulizi pesa zinakwenda wapi. Wahenga walionya: kukopa harusi, kulipa matanga. Sawa, ila wahenga hao harusi walikwisha kuila.

Tena una ukoo. Babu yake alisimama jukwaani kwa Shakespeare, katika ile tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, akidai ratili ya nyama kutoka mwilini mwa mdaiwa. Wajukuu wake wa Thika, ambao mpaka leo tunawaita mashailoki kwa jina lake, wamestaarabika: nyama hawaitaki. Wanachukua kadi yako ya ATM na namba ya siri, wanaitia droo moja na za wenzako, na siku ya mshahara wanakupangia foleni kwenye mashine wewe ukiwa zamu. Ni ndugu gani amewahi kukupangia foleni?

Hesabu zake nazo zinapendeza. Chukua mshahara wa shilingi 15,000 na mkopo wa 10,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Siku ya malipo zinaondoka 12,000, unabaki na 3,000. Elfu tatu haitakufikisha popote, kwa hiyo unakopa tena 10,000 ile ile. Mwaka ukiisha umelipa riba ya 24,000, na ile elfu kumi ingali pale pale, haijapungua hata ndururu. Maskini ana mali gani nyingine inayodumu namna hiyo?

Watoto wake wa simu wamefuata nyayo. M-Shwari ilizaliwa Novemba 2012, ikatoza asilimia 7.5, kiasi kinachoonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba ni cha siku 30. Fuliza ikaja Januari 2019 na adabu zake: pesa ikiingia M-Pesa, deni linajilipa kwanza, ndipo mwenye jasho akaribishwe. Kwa kibarua anayelipwa kwa simu, meseji ya mshahara na meseji ya makato hufuatana kama mtu na kivuli chake.

Na upendo wake kwa jamii? Ukichelewa siku mbili, mkopeshaji wa mtandaoni asiye na haya hakuachi mpweke. Anampigia mama mkwe, anampigia kiongozi wa kwaya, anampigia msimamizi wa zamu. "Mwambie Baba Wanjiku alipe, wewe ndiye mdhamini wake." Anayeambiwa hivyo hajawahi kumdhamini mtu hata kwa yai.

Lakini chema hakikosi maadui. Tangu Desemba 2021 sheria inamtaka mkopeshaji wa kidijitali awe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na kanuni za Machi 2022 zikamkataza vitisho, matusi na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data akaitoza kampuni yenye programu za KeCredit na Faircash faini ya shilingi 2,975,000, kwa kuyatumia majina na namba za watu kuwasumbua. Wivu mtupu.

Adui mkubwa kuliko wote ni kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu hiki hakimruhusu mwajiri kukata mshahara wako ampe mkopeshaji wa nje kwa sababu tu amepigiwa simu kwa ukali. Sharti wewe mwenyewe uwe umemwomba kwa maandishi, au mahakama iwe imeamuru. Tena makato yote yakijumlishwa yasizidi thuluthi mbili. Katika ile 15,000 yetu, mwajiri haruhusiwi kugusa elfu tano, hata kama uliitia saini fomu mwenyewe.

Hapo ndipo akili ya mkopo inapong'aa. Ukijua hati ya malipo ina askari mlangoni, unapitia dirishani. Sheria ile inamfunga mwajiri anayekata; haimwoni mtu aliyesimama mbele ya ATM na kadi yako mkononi. Ndiyo maana shailoki hupenda kadi kuliko fomu, na akikwambia "mhasibu tusimsumbue," anajua anachokikwepa: hesabu ya mhasibu ingefika kwenye ile elfu tano ikasimama.

Basi wewe unayeupenda mkopo huu, ulinde. Usiulize leseni ya Benki Kuu. Usidai nakala ya mkataba. Usiende benki kuomba kadi mpya na namba mpya ya siri, kwa maana watakupa bila kukuuliza unadaiwa na nani. Meseji za matusi zifute upesi, zisije zikamfikia Kamishna. Na ukitishwa kwamba mshahara wako utazuiwa, jihadhari usiulize, "Kwa amri ya mahakama gani?" Swali hilo ni la kikatili. Likiulizwa na watu wengi, mkopo wetu mtukufu utageuka deni la kawaida tu, la kulipwa kidogo kidogo mpaka liishe.